BIBI TITI MOHAMED: MAMA ALIYEITA WENZIE WAKAITIKA

Katika kijarida hiki cha kutimiza miaka kumi mmekwisha kusoma habari za hisa, mikopo na marejesho. Mmesoma pia majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Sasa tunawaomba mkae kitako, maana tunataka kuwasimulia maisha ya mama mmoja ambaye hakuzaliwa huku kwetu, wala hakulima shamba huku kwetu, lakini bila yeye na wenzake sijui kama akina mama wa Kilosa tungekuwa tunakaa kikao, tunapiga kura na kushika funguo za sanduku letu wenyewe.

Mama huyo ni marehemu Bibi Titi Mohamed.

Wenzetu wanaosafiri kwenda Dar es Salaam kuuza mchele au kufuata vitenge wanalijua jina hilo. Ukipanda basi pale Mikumi, ukaingia mjini kwa Barabara ya Morogoro, utafika mahali inapokutana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Makondakta wanalitaja jina hilo kila siku. Lakini tulipoulizana kwenye kikao, wengi wetu, hasa mabinti, tulikuwa tunajua barabara tu. Mtu mwenyewe hatukumjua. Ndiyo maana kamati ya kijarida ikaona habari zake ziandikwe.

Tuseme ukweli, jambo hili halikupita bila ubishi. Wapo waliosema tumwandike mtu wa hapa hapa, mkulima kama sisi. Wapo waliosema mama huyu aliwahi kufungwa kwa kesi kubwa, kwa hiyo tutaonekanaje mbele ya wageni wetu. Wapo waliosema hasa kwa sababu hiyo aandikwe, kwa kuwa mwanamke akianguka husahauliwa upesi kuliko mwanamume. Hoja hii ya tatu ndiyo iliyoshinda. Nanyi wasomaji mtaamua wenyewe.

MTOTO WA DAR ES SALAAM

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1926, wakati nchi iko chini ya Mwingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, mama yake mkulima. Baba hakutaka binti yake apelekwe shule, na wazazi wengi wa Kiislamu wa wakati ule walikuwa na hofu hiyo, maana shule waliiona kama mlango wa kumtoa mtoto kwenye dini yake na mila zake. Baba alipofariki, mama ndiye aliyechukua uamuzi wa kumpeleka binti shule. Akasoma hadi darasa la nne.

Hapo tusimame kidogo. Darasa la nne leo tunaliona si kitu. Lakini kwa msichana wa miaka ya 1930 ilikuwa ni hazina, kwani alijua kusoma na kuandika. Na hazina hiyo ilitoka kwa mama mkulima aliyekata shauri peke yake. Akina mama wa vikundi kama chetu wanaokopa mwezi wa kwanza kununua sare na madaftari wafahamu kwamba wanafuata nyayo za mama yule.

Alipovunja ungo akawekwa ndani kama mwali, kama ilivyokuwa desturi, na akaozwa angali msichana mdogo kwa mume aliyemzidi umri sana. Ndoa ile haikudumu. Baadaye aliolewa tena. Maisha yake mpaka hapo hayakuwa tofauti na ya maelfu ya wanawake wa Kariakoo na Ilala. Alikuwa mke wa mtu, jirani wa watu, anakwenda misibani na harusini.

NGOMA NA MAULIDI

Ila alikuwa na kitu kimoja, nacho ni sauti. Kwenye maulidi alikuwa anasoma na kuimba watu wakanyamaza kumsikiliza. Na kwenye ngoma alikuwa kiongozi wa kikundi kilichoitwa Bombakusema.

Vijana wetu wakisikia ngoma wanadhani ni kucheza tu. Vikundi vile vya ngoma vya akina mama wa mjini vilikuwa na mwenyekiti wao, mtunza hazina wao, sare zao na sheria zao. Mwenzao akifiwa wanachanga. Mwenzao akiozesha wanachanga. Asiyefika bila sababu anatozwa faini. Jamani, hebu tuambiane, hayo si ndiyo haya ya kwetu? Sisi tunaita mfuko wa jamii, wao waliita michango ya chama. Wanawake wa makabila mbalimbali walikutana humo, kila mmoja na asili yake, wakasemezana kwa Kiswahili. Muluguru, Mzaramo, Mmatumbi, Mngindo na Mmanyema walivaa kanga ya aina moja wakaimba wimbo mmoja.

Kwa hiyo msidhani Bibi Titi alitokea hewani. Kabla ya siasa alikuwa amekwisha kujua kuongoza watu, kupatanisha waliogombana na kukusanya pesa za watu bila kuzila.

MWAKA 1955

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, siku tunayoiita Saba Saba. Waanzilishi waliokutana siku ile walikuwa 17, na wote walikuwa wanaume. Bibi Titi na mumewe Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi, walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo mwanzo kuchukua kadi.

Mwaka uliofuata, 1955, alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa Chama cha Leba. Akaonana na viongozi wa TANU, akauliza swali lililowachoma: wanawake wa chama chenu wako wapi? Hawakuwa na la kujibu la maana. Baada ya hapo wakatafuta mwanamke wa kuongoza tawi la akina mama, na jina lililotajwa likawa la Titi. Akawa mwenyekiti wa Sehemu ya Wanawake ya TANU, na Tatu binti Mzee akawa msaidizi wake.

Sasa angalieni alivyofanya kazi, kwa sababu hapa ndipo penye somo. Hakuzunguka mlango kwa mlango akimwomba mama mmoja mmoja aingie chama. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja na sare zake. Aliwaendea pia wauza vitumbua, wauza maandazi na wapika pombe, wanawake waliokuwa na pesa yao kidogo mkononi na ambao hawakuhitaji kumwomba mume ruhusa ya kutoa senti za kadi. Kufika Oktoba 1955 inasemekana wanawake waliojiandikisha walikuwa wamefika 5,000. Yote hayo kwa miezi michache, na hakuna simu ya mkononi, hakuna kipaza sauti cha gari!

Serikali ya kikoloni ilikuwa na vilabu vyake vya wanawake, na kulikuwa na Baraza la Wanawake wa Tanganyika lililoongozwa na mabibi wa Kizungu. Humo wanawake walifundishwa kushona, kuoka keki na usafi wa nyumba. Hayo si mabaya. Lakini hakuna mahali walipofundishwa kuuliza kwa nini kodi inapanda au kwa nini mkulima hapangi bei ya pamba yake. Bibi Titi na wenzake waliuliza.

Wanaume wengi waliogopa. Mfanyakazi wa serikali akionekana na kadi ya TANU angeweza kupoteza kazi. Mkewe ndiye aliyekwenda mkutanoni. Mkewe ndiye aliyeficha kadi kwenye mtungi. Pesa za kuendesha chama na safari za viongozi zilitoka kwenye michango ya watu wa kawaida, na akina mama walichangia na kuchangisha. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka huo huo wa 1955, chama ndicho kilichombeba, na akina mama walikuwa mabega ya chama.

MAMA ANAPANDA JUKWAANI

Bibi Titi alianza kusafiri mikoani pamoja na Nyerere na viongozi wengine. Mwanamke wa Kiislamu kupanda jukwaani mbele ya umati wa wanaume lilikuwa jambo geni. Yapo maneno mengi yaliyosemwa juu yake, na hatuna haja ya kuyarudia; kila mwanamke aliyewahi kugombea hata ujumbe wa serikali ya kijiji anayajua kwa moyo. Yeye aliendelea. Sauti iliyozoea maulidi na ngoma ikawa sauti ya kudai Uhuru, na watu wakazoea kutaja majina mawili kwa pamoja, Nyerere na Bibi Titi.

Wilaya yetu ya Kilosa ilikuwa aina ya mahali palipoguswa na harakati zile. Reli ya kati inapita hapa tangu enzi za Mjerumani, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Mashamba ya mkonge yalizunguka Kimamba na Rudewa, na kwenye makambi yao waliishi watu kutoka kila pembe ya nchi na hata nje. Pamba ililimwa na wakulima wadogo, na pale Ilonga kulikuwa na kituo cha utafiti. Mahali penye reli, makambi na soko la pamba, habari hazikai mfukoni. Lililosemwa Mnazi Mmoja jioni lilishuka stesheni ya Kilosa pamoja na abiria.

Uhuru ukaja tarehe 9 Desemba 1961. Wazee wetu wa kike walipiga vigelegele usiku kucha.

KITI, SAUTI NA UWT

Bibi Titi aliingia Bungeni, na akapewa nafasi ya waziri mdogo, akishughulikia maendeleo ya jamii. Mwaka 1962 vikundi vya akina mama viliunganishwa ukaanzishwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, yaani UWT, na yeye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka huo huo, mwezi Julai, wanawake kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana Dar es Salaam wakaunda umoja wao wa bara zima. Fikirini, mama wa darasa la nne anakaribisha wajumbe wa Afrika mjini kwake!

UWT ilihimiza kisomo cha watu wazima, usafi, malezi ya watoto, maduka ya ushirika na miradi midogo midogo. Hapa kwetu wapo bibi zetu waliojifunza kuandika jina lao katika madarasa ya namna hiyo, na walipokuja kuwa wanachama wa kikundi hiki walikataa kabisa kutia dole gumba kwenye daftari la hisa. Waliandika jina zima, polepole, mpaka mwisho.

Ila siasa ni kama mto Mkondoa. Leo umetulia unafulia nguo, kesho unavunja tuta na kuingia sebuleni, kama tulivyoona wenyewe katika mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bibi Titi alishindwa kiti cha ubunge cha Rufiji. Maji ya Ruaha Mkuu yanayopita Kidatu huenda kuingia Rufiji, na huko ndiko wapiga kura walikomwambia hapana. Alibaki na UWT na nafasi yake katika Kamati Kuu ya chama.

NYUMBA ZA KUPANGISHA

Mwaka 1967 ndio mwaka uliogawa maisha yake vipande viwili. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha. Ndani yake kulikuwa na masharti ya uongozi: kiongozi wa chama au serikali asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, na asiwe na nyumba za kupangisha.

Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Akatakiwa achague. Akachagua nyumba, akajiuzulu nafasi zake katika Kamati Kuu na katika UWT.

Kuhusu jambo hili kamati yetu ilikaa mpaka jua likazama. Wazee wetu waliolipokea Azimio kwa moyo mkunjufu walisema kiongozi hana budi kuwa mfano. Huwezi kuhimiza usawa huku unakusanya kodi za nyumba. Walikumbusha kwamba mwaka ule ule serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na kwamba Azimio liliwapa wanyonge heshima. Hilo ni kweli na hatulipingi. Wengi wetu tumesoma bure na kutibiwa bure kwa sababu ya siasa ile.

Wengine wakasema, sawa, lakini tumwangalie na yeye. Mwanamke wa kizazi kile alirithi nini? Shamba lilikuwa la mume au la ukoo wa mume. Akiachika anatoka na sanduku la nguo. Mshahara wa kiongozi ni wa leo, kesho mwingine anakaa kwenye kiti. Nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake na ndiyo iliyokuwa baba yake na kaka yake. Kumwambia mwanaume mwenye mashamba ya ukoo aachie nyumba, na kumwambia mwanamke asiye na kitu kingine aachie nyumba, maneno ni yale yale lakini mzigo si ule ule.

Hatukukubaliana, na hatuoni aibu kusema hivyo. Lakini kila aliyekuwepo alikumbuka mwenzetu ambaye mumewe alipofariki, ndugu wa marehemu walikuja na kamba wakapima shamba la mpunga alilolima kwa miaka mingi. Kilichomwokoa ni karatasi. Alikuwa ameandikisha eka zake kwa jina lake, kwa pesa ya mkopo wa kikundi, na serikali ya kijiji ilikuwa na muhuri wake pale. Hapo ubishi ukapoa kidogo, watu wakanywa chai.

KESI

Mwezi Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa. Alishitakiwa kwa uhaini pamoja na aliyekuwa Waziri wa Kazi, Michael Kamaliza, na watu wengine wakiwemo maofisa wa jeshi. Ilidaiwa kwamba walikula njama ya kuipindua serikali ya Nyerere, na kwamba kiongozi wa njama alikuwa Oscar Kambona aliyekuwa amekimbilia London mwaka 1967. Ilikuwa kesi ya kwanza ya uhaini katika Tanzania. Jaji Mkuu Philip Telford Georges, mzaliwa wa Dominica, ndiye aliyeisikiliza. Nchi nzima ilisikiliza redio.

Yeye alikana. Mahakama ilimwona ana hatia, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Yule aliyesimama jukwaani na Mwalimu sasa alikuwa mfungwa wa serikali ya Mwalimu. Ndoa yake ilivunjika katika kipindi hicho cha kesi. Waliokuwa wanajaza ukumbi wake wakapita mbali na mlango wake. Jina lake likaacha kutajwa. Picha zikaondolewa ukutani.

Na hapa kuna jambo la ajabu kidogo. Mwaka ule ule wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, na ndani ya sheria hiyo mwanamke aliyeolewa akatambuliwa kuwa ana haki ya kuwa na mali yake mwenyewe, kuinunua, kuitunza na kuiuza, sawa na mwanamume. Wanawake wa UWT walikuwa wameidai sheria ya namna hiyo. Mama aliyewakusanya alikuwa gerezani ilipopita.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka.

KIMYA, NA KURUDI KWA JINA

Baada ya hapo aliishi Dar es Salaam maisha ya kimya. Hakuanzisha chama, hakuandika barua za matusi, hakutangaza kisasi. Alifanya shughuli zake ndogo ndogo kama wanawake wengine. Watoto walizaliwa, wakasoma historia ya Uhuru shuleni, wakamaliza bila kulisikia jina lake.

Ilipofika mwaka 1991, nchi ikisherehekea miaka 30 ya Uhuru, jina lake likatajwa tena hadharani miongoni mwa mashujaa wa kudai Uhuru. Mwalimu alikuwa amekwisha kung'atuka, na mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Watafiti nao walimfuata na kumwuliza habari za TANU ya mwanzo, na habari za akina mama wa ngoma zikaandikwa vitabuni. Kumbe hazikuwa zimepotea. Alikuwa nazo kichwani siku zote.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali moja ya Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa amepelekwa kwa matibabu. Mwalimu alikuwa amemtangulia mwaka mmoja kabla, Oktoba 1999. Waliofanya kazi pamoja, wakatengana kwa namna ile, wote wawili wakafia ugenini wakitibiwa, na wote wawili wakarudishwa nyumbani kuzikwa kwa heshima.

Mabinti wa leo wanaomwona mwanamke Ikulu tangu Machi 2021, aliposhika uongozi Rais Samia Suluhu Hassan, wanadhani ni jambo lililokuja kwa siku moja. Njia ile ilifyekwa zamani, na panga moja lilishikwa na mama wa Bombakusema.

TUNACHOKICHUKUA SISI

Ndugu wanachama, hatuandiki maisha ya mtu ili kumsifu tu. Tumekaa tukajiuliza kikundi cha akiba cha wakulima wa Kilosa na Mikumi kinachukua nini kwa Bibi Titi. Tumeona mambo manne.

La kwanza, watu hukusanywa pale walipokwisha kukusanyika. Yeye alianza na ngoma. Sisi pia hatukuanza na vyeti. Tulianza na wanawake waliokuwa wanabadilishana nguvu kwenye palizi, leo shamba lako kesho langu, na wale waliokuwa wanacheza upatu sokoni. Utaratibu wa hisa na sanduku lenye kufuli tatu ulianza kwa wanawake wa Niger mwaka 1991 ukasambaa Afrika mpaka ukafika kwetu, lakini moyo wa kuchangiana tulikuwa nao. Anayetaka kufungua kikundi kijiji cha pili aanze na wanawake wanaoaminiana tayari, asikusanye watu wasiojuana barabarani.

La pili, pesa kidogo ya mwanamke ni uhuru mkubwa. Wauza vitumbua walikata kadi mapema kwa sababu walikuwa na senti yao. Mwenzetu anayeweka hisa moja kila wiki baada ya kuuza ndizi au nyanya pale kando ya lami Mikumi, magari ya Iringa na Mbeya yakipita, asidharauliwe na mwenye hisa tano. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, mali iandikwe. Hapa ndipo tulipopatana sote, waliompinga na waliomtetea. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi ya kijiji. Sheria ipo, lakini sheria haitembei yenyewe kuja shambani. Mtu akinunua eka kwa mkopo wa kikundi, aende serikali ya kijiji, apime mipaka, jirani washuhudie, jina liwe lake, na kama ni mali ya mke na mume basi yaandikwe majina yote mawili. Tunapendekeza mkutano mkuu upitishe kwamba mwanachama akikopa kwa ajili ya ardhi aonyeshe karatasi kabla ya kukopa tena.

La nne ndilo gumu zaidi. Mwenzetu akianguka tusimkimbie. Bibi Titi aliita maelfu wakaitika, na siku alipoitwa yeye mahakamani waliobaki karibu naye walikuwa wachache. Katika miaka kumi hii na sisi tumewahi kumtupa mtu. Mwanachama akishindwa kurejesha kwa sababu mafuriko yamezoa mpunga, au ng'ombe wameingia kwenye mahindi, tunamnong'ona, tunaacha kumsalimia kisimani, na yeye anaacha kuja kikaoni kwa aibu. Deni ni deni na litalipwa, hilo halina mjadala. Lakini mtu si deni lake. Tumwendee nyumbani, tukae naye, tupange upya marejesho, na mfuko wa jamii ufanye kazi iliyouanzisha.

Tunamwombea Bibi Titi Mohamed na wenzake wote, waliotajwa na wasiotajwa, Mwenyezi Mungu awalaze mahali pema. Tunawaombea pia wanachama wetu waliofariki katika miaka hii kumi. Na kwa ninyi mlio hai, kikao cha kwanza cha mzunguko mpya kitakuwa siku ile ile ya kawaida na saa ile ile. Wenye funguo wawahi. Kila mmoja aje na kitabu chake cha hisa, na kila mmoja aje na mwenzie ambaye siku nyingi hatujamwona.

Umoja ni nguvu.